Anayeonja Kwanza

Mimi ni mwoga, na sioni haja ya kulificha. Naogopa lifti, naogopa mbwa wakubwa, naogopa simu ikilia saa ambayo hakuna mtu wa kunipigia. Kwetu wananicheka. Mdogo wangu wa kiume husema nikitembea na kivuli changu, kivuli ndicho hutangulia kuangalia kama njia ni salama. Nami huwajibu kwa methali ya wazee: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini kiangazi cha mwaka elfu mbili na kumi na tano hofu yangu ilipata sababu, na tangu hapo likija suala la maji hakuna anayenicheka tena.

Wakati ule nilikuwa nakaa Louisville, nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi zangu zilikuwa za mzee mmoja, mjane, aliyelima mahindi maisha yake yote kabla ya kuhamia mjini kwa binti yake. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa na mbwa jike, mnene, wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye tabia ya kulalia miguu ya watu. Mwanzoni nilimwogopa hadi nikataka kuiacha kazi. Baadaye nilikuwa namfichia vipande vya nyama kwenye kitambaa.

Kila siku tulimsukuma mzee kwenye kiti chake mpaka kando ya mto, mimi nikisukuma, mbwa akitangulia. Mto Ohio kwa kawaida una rangi ya udongo. Mwishoni mwa mwezi wa nane tulifika siku moja tukaukuta kijani. Sisemi kijani cha majani. Kilikuwa kijani cha sombe, kisamvu cha kwetu, iliyosahaulika jikoni siku mbili, ikaanza kufanya ngozi juu. Harufu yake ilinifanya nijifunike pua kwa kitenge. Mbwa hakujali. Aliingia mpaka kifuani, akanywa, akatoka, akajilamba manyoya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kabla ya chakula cha mchana alianza kutetemeka. Miguu ya nyuma ikamkataa, mate yakamtoka, macho yakawa yananitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Binti wa mzee alimpakia garini mbio kwenda kwa daktari wa wanyama, lakini alirudi na kamba tu. Nililia kwa ajili ya mbwa, mimi ambaye kwetu mbwa hapewi hata jina.

Siku zilizofuata mzee hakutaka kwenda mtoni. Tulikaa barazani akanieleza, kwa Kiingereza chake cha polepole ambacho alikuwa ananipunguzia makusudi. Alisema mvua za mwezi wa sita zilikuwa nyingi kuliko alivyozoea, zilipiga mashamba wakati mbolea bado iko juu ya udongo, zikaisomba yote na uchafu wa miji ukafuata. Kisha likaja joto. Vijidudu vya kijani vilivyokuwa vimelala majini vikapata chakula na vikapata moto, vikazaana, na vikizaana hivyo vinatoa sumu. Nikamuuliza kwa nini watu wasiyachemshe tu hayo maji. Akanitazama kwa huruma.

"Moto unaua kidudu," alisema. "Hauui sumu. Ukiyachemsha unapata sumu ya moto."

Akaongeza kwamba upande wa juu wa jimbo la Ohio maji yake hayaji huku kusini. Yanakwenda kaskazini, kwenye ziwa Erie, na huko pwani ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Kisha akasema naye alimwaga mbolea hiyo hiyo tangu ujana wake. Nilimletea chai.

Basi nilikuwa na hofu hiyo kifuani mdogo wangu aliponipigia kutoka Buffalo kusema mkewe amejifungua. Mtoto alikuwa mzima, ila maziwa ya mama yalikuwa machache. Mama yetu alikuwa Hilliard, kando ya Columbus, kwa dada yangu mkubwa, na alikuwa anataka kwenda kumlea mzazi. Dada alikuwa na zamu za usiku kwenye ghala na hakuweza kumpeleka. Nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha gari mpaka Hilliard.

Lazima nieleze jambo moja, la sivyo yote yanayofuata hayatakuwa na maana. Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Sumu ya kuwekewa ina jina lake, karuho, na watu wengi wamekufa kwayo, au imesemwa wamekufa kwayo, ambayo kijijini ni kitu kilekile. Kwa hiyo mtu mwenye heshima hunywa kidogo, halafu ndipo anakukabidhi. Mke wa mdogo wangu ni Mrundi, amekulia kambini Tanzania. Siku alipoletwa Hilliard kwa mara ya kwanza kumsalimia mama, alipiga goti vizuri, akamletea maji kwenye sahani, glasi imejaa hadi juu. Hakuonja. Labda hakujua, labda aliogopa tu, maana mama akitaka kutisha anatisha. Mama aliiacha glasi ile mezani mpaka wageni wakaondoka, haikupungua hata tone, na kila mtu aliiona. Tangu siku hiyo wawili hao walikuwa wanasalimiana kama majirani wa ghorofa.

Sasa mjukuu alikuwa amezaliwa na mama alitaka kuyamaliza. Hakusema hivyo. Alisema, "Ule mutoto wa bantu iko na njaa, na mimi njo najua supu ya muzazi." Mtoto wa bantu ni mtoto wa watu, yaani mkwewe. Lakini nilimjua. Alikuwa amesuka nywele upya.

Tulitoka Hilliard asubuhi. Nyuma ya gari kulikuwa na unga wa muhogo, mawese, kitenge kipya cha kumbebea mtoto, na bidoni moja tupu la mafuta ya kupikia, ambalo ndilo wengine huita dumu. Nililiona. Sikuliuliza, kwa sababu mama hasafiri bila bidoni. Amekimbia vita mara mbili na mara zote mbili alibeba bidoni.

"Nipitishe ku ziwa," alisema tulipokuwa tumeshika barabara. "Tangu tulitoka Uvira sijaona maji yenye haina mwisho."

Nikamwambia ziwa ni gonjwa. Nikamsimulia habari za mbwa. Akacheka mpaka akafuta macho, akasema Mungu alinipa moyo wa kuku. Lakini akanibembeleza tena, na mtu gani anaweza kumnyima mama yake ziwa? Sisi ni watu wa Tanganyika. Mama alizaliwa mahali ambapo ukifungua mlango wa nyuma unakanyaga maji. Njiani alinisimulia kwamba mdogo wake, aliyebaki Uvira, anasema hata huko ndagala, wale dagaa wetu, wamekuwa wachache, wavuvi wanarudi na taa zao na nyavu nyepesi, na maji yamekuwa vuguvugu kuliko zamani. Alilisema kama habari ya mgonjwa wa mbali. Nje mahindi yalikuwa yanapita pande zote mbili, marefu, mazuri, na kando yake mitaro myembamba iliyonyooka, yote ikielekea upande tuliokuwa tunaelekea sisi.

Tulifika mahali penye mawe na gati dogo la mashua, na duka la samaki ng'ambo ya barabara. Nilifungua mlango wa gari nikaisikia ile harufu. Nilijua kabla sijaona. Kisha nikaona. Mtoni Louisville kijani kilikuwa na ng'ambo yake. Hapa kilikwenda mpaka mbingu ilipoanzia. Mawimbi yalikuwa yanakuja mazito, hayavunjiki, yanajipaka tu kwenye mawe. Samaki wachache walikuwa wamelala kando matumbo juu. Shakwe walikuwa wamepangana juu ya paa la duka na hakuna hata mmoja aliyekuwa majini.

Mama alisimama, mkono mdomoni.

"Hii njo ziwa?" aliuliza.

"Njo ziwa, mama. Tuende."

Hakutaka kwenda. Alisema lazima tununue samaki, hatuwezi kufika kwa mzazi mikono mitupu. Muuzaji aliniapia samaki wake wamevuliwa mbali, upande wa mashariki, kwenye maji safi. Nilikuwa kwenye foleni, bado mmoja mbele yangu, nilipotazama dirishani nikamwona mama ameinama kwenye mawe, kitenge amekikunja magotini. Niliacha foleni nikatoka mbio. Gari moja lilinipigia honi. Nilipofika alikuwa anapanda kurudi juu, miguu inameremeta.

"Mama, ulifanya nini mu maji? Nilikuambia hiyo maji iko na sumu!"

"Bon, juu ya nini unalalamika vile? Nilinawa tu miguu. Mimi niko mbwa?"

Nilimkalisha garini nikamwosha miguu kwa maji ya chupa, yote niliyokuwa nayo, vidole kimoja kimoja. Alikuwa anacheka. Nami nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimsugua kama sufuria. Ikawa imeisha, nikadhani. Nikarudi kununua samaki, tukaondoka, na mpaka tunaingia Buffalo jioni nilikuwa naitazama miguu ile kuona kama itatoa vipele.

Sikuitazama nyuma ya gari.

Mdogo wangu anakaa North Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, ngazi zake zinalia. Alitupokea, akabeba mizigo yote, mama akaingia. Mkwewe alikuwa kitandani na mtoto. Alijaribu kuinuka, mama akamzuia kwa mkono, na huo ukawa mguso wao wa kwanza tangu ile glasi. Mama alimpokea mtoto, akamnusa kichwa, akamwita kwa jina la babu yake. Nililala nikiwa na amani kidogo.

Kesho yake mama aliamka na jiko. Mimi nilitumwa dukani kununua nepi na ndizi za kupika, na kwa kuwa siijui Buffalo nilipotea, nikachelewa. Nilirudi kabla ya saa sita mchana. Harufu ya samaki na mawese ilinipokea kwenye ngazi, harufu nzuri ya kwetu, nikafurahi. Nikapitia jikoni kuweka mizigo.

Bidoni lilikuwa kando ya sinki. Nusu yake ilikuwa na maji. Lilikuwa limewekwa wazi bila kifuniko, na kwenye shingo yake, kwa ndani, palikuwa na mstari mwembamba wa kijani.

Sijui nilitembea vipi mpaka chumbani. Nakumbuka tu nilichokiona. Mkwe amekaa kitandani ameegemea mto, mtoto ziwani, bakuli mkononi, mdomo wake umegusa ukingo wa bakuli. Mama ameketi mkabala naye kwenye kiti cha chini, uso umekunjuka, na mbele yake bakuli jingine. Lake lilikuwa tupu.

Nililirukia lile bakuli. Nilimnyang'anya mzazi chakula mdomoni, mchuzi ukaniunguza kifundo cha mkono, na alama yake ninayo mpaka leo.

"Umemeza?" nilipiga kelele. "Umemeza?"

"Sijameza," alisema. Alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Wifi, kuna nini? Nilikuwa nataka kuonja tu. Kuna nini?"

Nikamgeukia mama. "Hiyo maji ulitoa wapi?"

Mama alishangaa, kisha akachukia. "Ku ziwa, wakati ulirudi kununua samaki. Samaki inapikwa na maji yake. Ya robine, hii ya bomba, haina ladha, na haileti maziwa. Nilisukuma uchafu na mukono, nikachota ya chini, yenye kuwa safi."

Ndivyo tunavyochota kwetu. Unasukuma kilicho juu kwa kiganja, unazamisha bidoni haraka kabla hakijarudi. Amefanya hivyo tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kufa.

"Na nilichemsha!" aliendelea, sauti inapanda. "Nilichemsha ikatokota, ikatokota tena. Mu kambi walitufundisha nini? Chemsha maji! Tangu lini maji ya kuchemsha inaua mutu?"

Mdogo wangu alikuwa ametokea mlangoni. "Dada, tulia kwanza," alisema, kama anavyosema siku zote. Nikamwambia habari za mzee na mbwa na moto usioua sumu, maneno yananitoka bila mpangilio. Nilipomaliza hakusema nitulie tena. Alikwenda jikoni akalizima jiko.

Akabaki mkwe. Alikuwa anamtazama mama, na mama alikuwa anamtazama yeye. Kisha mama akaelewa chumba kile kilikuwa kinaonekana vipi machoni pa mtu mwingine: mama mkwe ambaye hakumtaka mkwewe, amesafiri mbali, ameleta maji aliyoyaficha, amempikia mzazi mchuzi wa sumu. Niliona anavyoelewa. Rangi ilimtoka.

"Nilionja," alisema polepole. "Nilionja mbele. Nilikunywa yote."

Na kweli alikuwa amekunywa yote. Kwa heshima ya mzazi hakuonja kijiko kimoja kama watu wanavyofanya. Alikuwa amemaliza bakuli zima, ili asiwepo mtu duniani wa kusema kitu. Mkwe alikuwa amesubiri amalize ndipo anyanyue lake. Kama mama angeonja kidogo tu, mimi ningefika nimechelewa.

Alianza kutapika alasiri ile. Kwanza alisema ni safari, kisha akasema ni mawese. Tulimshusha zile ngazi mimi na mdogo wangu, kila mmoja upande wake, na alikuwa mwepesi mno. Nilibeba lile bidoni mapajani njia nzima ya kwenda hospitali, kifuniko nimekikaza, ili daktari aone. Mama alilitazama.

"Munalipeleka kwa polisi?" aliuliza.

"Kwa daktari, mama."

"Batasema nilimuwekea karuho," alisema. "Batasema nilikuja kuua mutoto."

Nilimwambia hakuna atakayesema. Nilikuwa nadanganya, na kabla hatujafika simu ya mdogo wangu ilikuwa imeanza kulia. Shangazi wa mkwe, anayekaa mji mwingine, alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani, na alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Mdogo wangu aliufungua bila kufikiri. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba walikwisha kumwonya binti yao. Aliuzima, lakini gari ni dogo na mama hana shida ya masikio.

Hospitalini walimtundikia maji. Waliniletea mkalimani kwenye simu, mwanamke wa Kenya kwa lafudhi, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Aliuliza kama mgonjwa amekunywa kitu chochote kisicho cha kawaida.

"Nilikunywa supu ya samaki," mama alijibu, macho kwenye dari. "Ni kitu ya kawaida."

Daktari alilipokea bidoni kwa mikono yenye glavu. Aliniuliza maswali mengi, akatoka, akarudi, akasema wataangalia ini, na kwamba kwa sasa hakuna dawa ya jambo lenyewe ila kusubiri na kuangalia. Nilimwuliza kama atakufa. Akasema hawatarajii hivyo. Mimi nilisikia tu kwamba hakusema hapana.

Siku zile za kusubiri niliogopa kuliko nilivyoogopa vitani. Vitani unajua upande wa kukimbilia. Nilikuwa naogopa kila mama alipofumba macho. Niliogopa mtoto akilia nyumbani, niliogopa akinyamaza. Mkwe alisema hakumeza, lakini midomo yake ilikuwa imegusa mchuzi, na nilimpigia mdogo wangu kila mara kuuliza kama mtoto ananyonya, kama amekojoa, kama macho yake ni meupe. Mdogo wangu alijibu kila swali. Mkewe hakuja kwenye simu hata siku moja, na ukimya wake ulikuwa unanitafuna. Nilikuwa najiuliza anawaza nini, ameegemea ule mto, na shangazi yake anamtumia sauti mchana kutwa.

Mchana mmoja nilitoka nikaenda kutazama ziwa, kwa sababu Buffalo nayo iko pwani ya ziwa hilohilo, mwisho wake wa mashariki. Lilikuwa la buluu. Watu walikuwa wanakimbia kando yake, watoto wanarusha mawe. Yalikuwa maji mazuri kabisa, baridi, unaona mpaka chini, nami nikashindwa kuteremka hata ngazi ya mwisho. Kule magharibi ubaya ulikuwa umevaa rangi na harufu, hata shakwe walikuwa wamejua. Hapa hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Niliwaza kwamba maji yale yote yanatembea kuja upande huu, taratibu, na kwamba watu hawa wanaoga na kunywa. Nikarudi wodini haraka.

Mama alipona, au alionekana kupona. Kutapika kulikoma, damu ikapimwa tena na tena, mwishowe daktari akasema aende nyumbani na arudi kupimwa. Hakuwahi kuniambia kwa uhakika kama ilikuwa sumu ya ziwa au tumbo tu la mwanamke mzee. Nami sikuhitaji aniambie.

Tulimpandisha ngazi zile zinazolia. Alisimama kila baada ya hatua chache, nami nilijua si uchovu. Hakutaka kufika juu. "Nirudishe Hilliard," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yule mutoto wa bantu hatanitazama tena."

Mkwe alikuwa amesimama sebuleni, mtoto mgongoni, amefungwa kwa kile kitenge kipya. Alimpokea mama, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, akamwekea mto. Hakusema pole. Alikwenda jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa na kufungwa, akarudi na glasi kwenye sahani. Akapiga goti mbele ya mama, na mtoto mgongoni akainama pamoja naye.

Kisha akanyanyua glasi akanywa. Alikunywa mpaka nusu, macho yake yako kwa mama. Akaifuta ukingo kwa kiganja, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama," alisema. "Nimeonja."

Mdogo wangu aligeukia ukutani. Mama aliipokea glasi. Aliileta karibu na uso, halafu akaishusha mapajani, akaitazama ndani. Yalikuwa maji meupe, hayana kitu.

"Hii maji inatoka wapi?" aliuliza.

Nilitamani mkwe adanganye. Nilitamani aseme dukani, mvuani, popote. Lakini yeye ni mtu wa kweli, na nadhani alijua kwamba baada ya yote yaliyopita, nyumbani mle hapakuwa na nafasi ya uongo mwingine.

"Ziwani, mama," alisema. "Buffalo yote inakunywa ziwa. Wanayasafisha, lakini ni lilelile."

Mtoto mgongoni alianza kuhangaika kutafuta ziwa la mama yake. Mkwe hakuinuka. Alibaki amepiga goti, akisubiri, na mimi nilitazama glasi ile iliyobaki nusu, nusu nyingine ikiwa tayari imo ndani ya mwanamke anayenyonyesha.

Mama naye aliliona hilo. Akafumba macho, akainywa yote.